Mvuke badala ya karai

Kijiji chetu cha Kilambo kiko jirani na Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Samaki wako karibu, ila jikoni linatawala karai la mafuta, na bei ya mafuta tunaijua.

Kupika kwa mvuke hakutaki hata tone la mafuta. Mchanje samaki aina ya changu wa nusu kilo, mpake chumvi, ndimu na tangawizi, mfunge kwa jani la mgomba. Mlaze juu ya bakuli lililofudikizwa ndani ya sufuria, maji kidogo yakichemka chini, ufunike barabara. Dakika 15 hadi 20, nyama ikiachana na mfupa, epua. Sisemi tuache kukaanga. Ila samaki awe mbichi kweli, maana aliyeanza kulegea mvuke utamuumbua mbele ya wageni.