MWULIZE MJUZI KABLA YA KUTOA FEDHA YAKO

(Hotuba iliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi)



Nimeombwa kusema juu ya kununua hisa. Hisa ni sehemu ndogo ya kampuni. Kampuni ikipata faida, huenda ukagawiwa. Ikianguka, fedha yako huanguka pamoja nayo.

Soko la hisa la Nairobi lilianza mwaka 1954, lakini wafanyakazi wengi walilifahamu mwaka 2008, Serikali ilipouza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa Sh. 5 kila moja. Wengine walikopa benki ili wanunue. Kabla ya mwaka kwisha bei ilikuwa chini ya Sh. 5, wala deni halikupungua. Mwaka 2021 hisa hiyo hiyo ilipita Sh. 40. Aliyenunua kwa akiba yake aliweza kungoja. Aliyenunua kwa mkopo, benki haikumngoja.

Kwa hiyo nashauri tawi letu liwaite wajuzi watatu, si mmoja: dalali wa hisa, mhasibu, na ofisa wa chama cha akiba na mikopo. Tuwaulize mbele ya watu wote, na katibu aandike majibu.

Swali la kwanza: Wewe unalipwa na nani? Dalali hupata ujira wake tunaponunua na tunapouza, tupate faida tusipate. Huo si wizi, ni kazi yake. Lakini ushauri wake tuupime.

La pili: Unayo leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji? Mwaka 2007 na 2008 madalali wengine wa Nairobi walianguka, na wateja wao wakataabika.

La tatu: Ni jambo gani laweza kunipotezea fedha yangu? Akijibu "hakuna", mwageni aende zake.

La nne: Nikiugua na kuitaka fedha yangu, nitaipata lini?

Tusimtafute mtu wa kutuambia bei ya kesho, maana hakuna aijuaye. Tumtafute atakayetufundisha kusoma hesabu za kampuni: inauza nini, inadaiwa kiasi gani, na imepata faida miaka mingapi.

Ndugu zangu, hatuendi kwa mwajiri kudai mshahara bila maswali yaliyoandikwa. Shilingi tulizozipigania hivyo, tusizitoe kwa maneno matamu. Kuuliza si ujinga.