Bromati Haina Rangi



Wahitimu, baadhi yenu mtaajiriwa kutunza samaki wa maonyesho, kazi ambayo jamaa wa nyumbani watadhani ni kulisha tu. Basi twendeni Atlanta, Marekani. Mji ule uko mbali na pwani, lakini jumba la Georgia Aquarium, lililofunguliwa mwaka 2005, linafuga papa potwe, samaki yuleyule tunayemwona Mafia. Bahari yake hutengenezwa kwa chumvi, na maji yaleyale huzungushwa, huchujwa, hupitishwa ozoni, kisha hurudi kwa samaki.

Ozoni huua vimelea na kuondoa rangi ya manjano, maji yakang'aa. Yenyewe haidumu baharini zaidi ya sekunde chache. Shida ni kile inachokiacha. Kila lita ya maji ya bahari ina takriban miligramu 65 za bromaidi. Ozoni ikikutana nayo huzaa asidi ya haipobromasi, inayounguza matamvua. Sehemu ya asidi hiyo huungana na mabaki ya viumbe ikawa bromofomu. Nyingine huendelea kuoksidishwa hadi ikawa bromati.

Fundi wa zamu ana mita ya redoksi na dawa ya DPD inayogeuza maji kuwa ya waridi. Vifaa hivyo humsaidia kuinasa asidi ile, na mkaa amilifu huimaliza. Bromati havioni kabisa. Bromofomu angalau hutoka na hewa. Bromati hubaki, na maji yasipobadilishwa hujilimbikiza mwezi baada ya mwezi huku mita ikionyesha namba ileile nzuri. Kuipima kunataka kromatografia ya ayoni, tena kwa ustadi, maana unatafuta mikrogramu kwenye maji yenye gramu 19 za kloraidi kwa lita. Ndiyo sababu kipimo hiki huahirishwa, na mimi kisingizio hicho sikikubali. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita, kwa kuwa bromati inashukiwa kuleta saratani. Sisi tunakunywa glasi moja tukaenda zetu. Samaki anashinda na kulala humo.

Wahitimu, siku ya kwanza kazini ulizeni sampuli ya mwisho ya bromati ilipelekwa maabara lini, na majibu yameandikwa daftari gani. Mkiambiwa haijawahi kupelekwa, tafuteni chupa safi muanze ninyi.