Mwenye Kanda Yake

(Mazungumzo ya redio ya wiki hii)



Juma lililopita, yapata saa mbili usiku, kijana mmoja wa mtaani kwetu alinipigia hodi. Kijana huyu anapiga gitaa, anatunga nyimbo zake na kuziimba mwenyewe. Mkononi alikuwa na karatasi tano zilizochapwa vizuri. "Shikamoo mzee," akasema, "nimepata mkataba. Nisomee kabla sijatia sahihi." Nikavaa miwani, nikasoma. Ukurasa wa tatu ulisema kwamba kila wimbo atakaorekodi kwa muda wa miaka saba utakuwa mali ya kampuni, leo na hata milele. Nikamuuliza kama amepaona mahali hapo. Akanijibu kwamba yeye alisoma ukurasa wa kwanza, ule wenye tarakimu za fedha.

Sikumwambia atie sahihi, wala sikumwambia asitie. Nilimketisha nikamsimulia habari za mwanamke mmoja wa Marekani. Leo naomba niwasimulie na ninyi.

Mwanamke huyo anaitwa Ani DiFranco. Alizaliwa mwaka 1970 katika mji wa Buffalo, jimbo la New York, kando ya Ziwa Erie, karibu kabisa na mpaka wa Kanada. Buffalo ulikuwa mji wa viwanda vya chuma, na yeye alikua wakati viwanda hivyo vinafungwa na watu wanahama. Alianza kushika gitaa akiwa na miaka tisa. Alipofika miaka 15 alikuwa anajitegemea, akiimba katika vilabu vya pombe vya mjini kwao. Baadaye alihamia jiji la New York, na huko akasomea ushairi.

Watu waliomsikia vilabuni walikuwa wakimwuliza jambo lile lile: je, unayo kanda tuende nayo nyumbani? Hakuwa nayo. Basi akaamua kuitengeneza. Inasimuliwa kwamba alianzisha kampuni yake kwa dola 50 tu. Mwaka 1990 alitoa kanda yake ya kwanza, yeye na gitaa lake basi, nakala 500. Aliziuza mwenyewe baada ya kila onyesho. Zilipokwisha akatengeneza nyingine. Kampuni hiyo ndiyo iliyokuja kujulikana kwa jina la Righteous Babe Records.

Haukupita muda mrefu makampuni yakaanza kumtafuta. Yalikuja madogo, yakaja na makubwa. Kila moja lilikuja na karatasi kama zile za kijana wangu, naye akayakatalia yote.

Hapa inafaa tueleze kidogo mambo haya yanavyokwenda, maana wengi hudhani msanii akipewa fedha siku ya kutia sahihi amepewa zawadi. Fedha ile ni mkopo. Kampuni humlipia studio, hugharamia matangazo, kisha hujirudishia gharama hizo kutoka katika fungu la msanii, yaani mrabaha wake kwa kila nakala. Msanii anaweza kuuza nakala maelfu kwa maelfu akaambiwa bado anadaiwa. Na ajabu ni hii: hata deni likiisha, masta, yaani ile kanda ya asili ambayo nakala zote hutolewa humo, hubaki mikononi mwa kampuni. Ni sawa na mtu aliyelipia nyumba mpaka senti ya mwisho, halafu hati ikabaki kwa aliyemkopesha.

DiFranco hakutaka nyumba ya namna hiyo. Wazee walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Lakini kukataa ni kazi ya dakika moja tu. Kazi yenyewe ilikuja baadaye. Aliendesha gari kutoka mji hadi mji, akiimba katika vilabu, vyuo vikuu na matamasha ya nyimbo za kienyeji. Anapiga gitaa kwa nguvu kiasi kwamba huvaa kucha za bandia na kuzifunga kwa utepe ule wa mafundi umeme. Kuanzia 1990 hadi 1999 haukupita mwaka bila yeye kutoa albamu. Huko Buffalo aliweka ofisi, akampata meneja aliyeijua sheria, na kazi za kuchapa akawapa watu wa mji ule ule. Ofisi ilikuwa na namba ya simu ya kuagizia kanda ambayo herufi zake zilisomeka kwamba mwanamke huyu yuko kivyake. Kivyake, lakini palikuwa na mtu wa kuinua simu, mtu wa kufunga vifurushi na mtu wa kuandika hesabu. Hilo nilimwomba kijana wangu alisikie mara mbili.

Kufika mwaka 1998 albamu yake iitwayo Little Plastic Castle iliingia katika orodha ya Billboard ikiwa nafasi ya 22, pamoja na kazi za makampuni yenye majengo ya ghorofa. Magazeti ya biashara yakaanza kumwandika. Walishangaa kwamba anapata zaidi ya dola 4 kwa kila nakala, kuliko bendi kubwa zilizokuwa zikiuza mamilioni. Hata jarida la wanawake liitwalo Ms. lilipomsifu mwaka 1997, lilitaja hesabu hiyo. Yeye akaliandikia barua ya wazi. Alishukuru, kisha akasikitika kwamba sifa yake imefanywa kuwa faida. Alisema akifa asikumbukwe kama mkurugenzi wa kampuni, bali kama mtunga nyimbo na msimulizi. Kampuni aliianzisha ili nyimbo zipate mahali pa kukaa bila ya mtu kuzifukuza.

Mlinganisheni na Prince. Yeye alikuwa na kampuni kubwa, mkataba mnono na jina duniani kote. Lakini katika miaka hiyo hiyo ya 90 alikuwa akipanda jukwaani ameandika shavuni neno "mtumwa", kwa sababu masta za nyimbo zake hazikuwa zake. Mwaka 1999 wawili hawa walisaidiana, kila mmoja akashiriki katika albamu ya mwenzake. Nadhani walikuwa na mengi ya kuzungumza.

Ila nisiwadanganye kwamba kujitegemea ni raha tupu. Mwaka 2005 mikono ya DiFranco ilimshinda kwa maumivu ya kano, akalazimika kusimama kwa miezi kadhaa. Msanii ambaye ndiye pia mtaji wa kampuni akiugua, kampuni nayo inaugua. Na mwaka 2013 ilitangazwa kwamba angeendesha mafunzo ya utunzi katika hoteli moja ya Louisiana iliyokuwa zamani shamba la watumwa. Watu walighadhabika, hasa wanawake Weusi, na kwa haki. Akafuta mafunzo. Maelezo yake ya kwanza yalionekana ya kujitetea, na siku chache baadaye akaomba radhi waziwazi. Aliyejiajiri hana bosi wa kumsingizia. Kosa likitokea, mlango unaogongwa ni wake.

Tena nyumba aliyoijenga imewafaa wengine. Huko Buffalo kulikuwa na kanisa kuukuu la karne ya 19 lililokuwa katika hatari ya kubomolewa. Yeye na meneja wake walilichukua wakalikarabati, likawa ukumbi wa muziki na ofisi za kampuni. Mwaka 2010 kampuni ilitoa albamu ya mtunzi Anaïs Mitchell iitwayo Hadestown, simulizi ya kale ya Wayunani iliyotiwa katika nyimbo. Humo DiFranco aliimba sehemu ya Persephone. Kazi hiyo ilikua ikawa mchezo wa jukwaani, ikafika Broadway mwaka 2019 na kuzoa tuzo nane za Tony. Mwaka 2024 DiFranco mwenyewe, akiwa na miaka 53, alipanda jukwaa hilo la Broadway kuigiza Persephone yule yule.

Nilipofika hapo kijana wangu alikuna kichwa. "Lakini mzee," akasema, "huyo yuko Marekani."

Ni kweli. Kwao barabara ni pana, vilabu vinalipa, na mtu anayependa wimbo ana dola ya kununulia kanda. Sikumbishia. Nilimwambia tu kwamba dola 50 na nakala 500 si hesabu za kitajiri hata huku kwetu, na kwamba swali alilojiuliza yule binti wa miaka 19 halihitaji pasipoti: wimbo huu, baada ya miaka 20, utakuwa wa nani?

Akachukua kalamu yangu. Ukurasa wa tatu akakata miaka saba akaandika miwili, na chini yake akaandika kwamba baada ya hapo masta zirudi kwake. Kesho yake asubuhi alizirudisha zile karatasi kwa wenyewe. Mpaka ninapozungumza nanyi hawajamjibu. Anasema wakikataa, anaye rafiki mwenye studio chumbani na mjomba mwenye gari.

Nami nimeshaagiza nakala yangu moja. Kwaherini, mpaka juma lijalo.