Kula Tena Baada ya Kukatwa Mfuko wa Chakula

(Mazungumzo ya mwanachama mmoja mbele ya vikundi vya mwethya waliokutana Kitui. Tumeyaandika jinsi alivyosema, tukipunguza kidogo tu.)

Nimeombwa niongee juu ya kula. Tangazo liliposomwa nimesikia wengine wakicheka huko nyuma, ati mtu mzima aje kufundisha watu wazima kula! Sikasiriki. Zamani hata mimi ningecheka.

Mwaka 2016 nilipasuliwa, nikakatwa karibu nusu ya mfuko wa chakula. Ninasema mfuko wa chakula kwa sababu tukisema tumbo tunachanganya mambo mengi. Ninamaanisha ule mfuko wenyewe ambao chakula huingia kikitoka kooni, kabla ya kuteremka kwenye utumbo. Sehemu ya chini ilitolewa, na iliyobaki ikashonwa kwenye utumbo.

Nilifikaje huko? Kwa miaka kama kumi nilikuwa na vidonda vya tumbo, ile tunaita alsa. Nilikuwa nikipakia mchanga kwenye malori, mgongo unauma, na kila asubuhi nilinunua vidonge vya maumivu dukani nikameza na chai ya rangi bila chakula. Ninawaomba mnisikie vizuri hapo. Vidonge vingi vya maumivu, kama aspirini na vile vya dikilofenaki, hula ukuta wa mfuko wa chakula, hasa ukivimeza kila siku. Sababu ya pili ni kijidudu ambacho wengi wetu tunakipata tukiwa watoto. Zamani madaktari waliamini alsa huletwa na mawazo na pilipili. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waliona hicho kijidudu ndani ya mifuko ya wagonjwa. Watu hawakuwaamini. Mwaka 1984 Marshall mwenyewe akakinywa kwenye kikombe, akaugua! Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Basi siku hizi alsa ya kijidudu hutibiwa kwa dawa za kumeza, mara nyingi kwa siku kumi na nne, na kisu hakihitajiki. Mimi nilichelewa. Makovu yaliziba mlango wa chini wa mfuko, nikawa natapika jioni muthokoi niliokula jana yake. Kutoka kilo 68 nilifika kilo 49.

Upasuaji wenyewe sitausema sana, nilikuwa nimelala. Sio jambo la jana: daktari Billroth wa mji wa Vienna aliukata mfuko wa chakula wa mama mmoja mgonjwa wa saratani mwaka 1881, naye mama akaweza kula tena, ingawa aliishi miezi kama minne tu kwa kuwa saratani ilirudi. Mimi nilishonwa vizuri. Shida yangu ilianza nyumbani.

Nilipotoka wodini niliambiwa maneno matatu: kula kidogo kidogo. Basi. Hakuna aliyeniambia kidogo ni kiasi gani. Siku niliyofika nyumbani mama yangu alichinja kuku, majirani wakaja, tukaletewa ngima. Kwetu mtu akitoka hospitali hupimwa kwa sahani. Ukimaliza, wanasema amepona. Ukiacha, wanatazamana. Nilikula kama nusu ya sahani yangu ya zamani, nikashushia na soda. Hata dakika ishirini hazikuisha. Moyo ulianza kwenda mbio, jasho likanitoka kama nimemwagiwa maji, macho yakawa giza, tumbo likakata, nikakimbia chooni nikiwa nimejikunja. Nikarudi nimelazwa na watu wawili.

Siku tatu baadaye ikawa hivyo tena, kwa uji uliotiwa asali. Na hapa Kitui nani hampi mgonjwa asali? Ndiyo dawa yetu na sifa yetu. Mwezi haukuisha kabla maneno hayajaanza. Kila anapokula chakula cha mke wake anaanguka. Kwa nini? Mnajua maneno hayo yanaelekea wapi. Yalielekea kwenye uoi. Mke wangu alikuwa amekaa nami wodini wiki mbili akilala kwenye kiti, lakini sasa shangazi zangu walitaka niletewe chakula kutoka nyumba nyingine. Yeye mwenyewe aliacha kuniwekea chakula mkononi, akawa anakiweka mezani na kuondoka, ili kusiwe na shahidi. Hiyo iliniuma kuliko mshono.

Aliyetuokoa ni mtaalamu wa lishe wa kliniki, mama mmoja mpole. Alichora kwenye karatasi. Alisema: mfuko wa chakula ni kama bwawa la mchanga. Mvua ikinyesha, ukuta unazuia maji, yanashuka polepole, kijiji kinakunywa mpaka Oktoba. Wewe ukuta wako umeondolewa. Ukila kingi, na hasa kitu kitamu, chakula kinateremka kwa pamoja kwenye utumbo kama mafuriko. Utumbo unavuta maji kutoka mwilini ili upunguze huo utamu, na ndiyo maana unapata jasho, moyo mbio na kuhara. Halafu saa moja mpaka tatu baadaye unaweza kupata kipindi cha pili, kwa sababu sukari iliyoingia haraka imeufanya mwili kuishusha haraka pia. Unatetemeka, unahisi njaa kali, hata kuzimia. Ni soda, asali na sukari, mzee, wala si mkono wa mtu.

Karatasi ile nilirudi nayo nyumbani nikamwita shangazi mkubwa, mke wangu akiwepo, nikaisoma kwa sauti. Sisemi kila mtu aliamini siku hiyo. Lakini shangazi alisema, "Basi tujaribu bila asali." Tukajaribu. Sikuanguka.

Sasa jinsi ninavyokula. Ninakula mara sita kwa siku, kiasi cha bakuli dogo la mtoto. Asubuhi uji wa wimbi au mtama usio na sukari, umetiwa maziwa kidogo. Saa nne yai la kuchemsha au ndizi. Mchana ngima laini ya kipande kama yai la kuku, na ndengu zilizopondwa, au kunde zilizokatwa ndogo sana. Alasiri kiazi kitamu kipande, au maziwa mala. Maziwa mabichi ya kuchemsha yananisumbua mimi. Wenzangu wengine hayawasumbui. Usiku tena kidogo, na kabla ya kulala kidogo. Vyakula vya kujenga mwili, yaani mayai, ndengu, maharagwe yaliyopondwa, samaki, nyama iliyosagwa, ninavianza kwanza kabla ya ngima, kwa maana nafasi ni ndogo na ngima ikiingia kwanza hujaza.

Maji sinywi pamoja na chakula. Nakunywa nusu saa kabla, au nusu saa baada ya kula. Hii ndiyo iliyonishinda kwa muda mrefu, maana nimezoea kushushia. Lakini maji yanasukuma chakula, mafuriko yanarudi. Nikishamaliza nakaa, au naegemea kidogo kwa dakika ishirini hivi kichwa kikiwa juu, halafu ndipo narudi kazini.

Halafu kutafuna. Jamani, sisi tunameza! Chukua muthokoi: ukitafuna mara tano unauona umelainika, kumbe ngozi ya maharage iko nzima. Ninatafuna mpaka kiwe kama uji, hata mara ishirini na zaidi, ndipo nimeze. Muthokoi na isyo nimerudia kula, lakini viwe vimechemshwa mpaka vinapasuka, kisha ninaviponda. Nyama ya mbuzi ya kuchoma nimeiacha kabisa. Niliijaribu kwenye mazishi moja, kipande kikakaa kifuani kama jiwe kwa saa nzima, mate yakajaa mdomoni, mpaka kikarudi. Pia sili miwa na kumeza, wala machungwa na ile ngozi yake nyeupe, wala maembe ya nyuzi. Zile nyuzi zinaweza kujikusanya kuwa bonge na kuziba, kwa sababu mfuko uliobaki hausagi vizuri. Embe laini lisilo na nyuzi ninakula, vipande viwili au vitatu. Nisingeweza kuishi Kitui mwezi wa Januari bila embe.

Jambo la kileo. Sikuja kuhubiri. Lakini mtu aliyekatwa mfuko akinywa kikombe kimoja cha kaluvu kinampanda haraka kuliko zamani. Jirani yangu ambaye naye alipasuliwa alidhani amewekewa kitu.

Nilisikia kwamba wako watu Nairobi na nchi za nje wanaolipa pesa nyingi ili mfuko wao ufanywe mdogo, kwa sababu ya uzito na kisukari. Nilipoambiwa sikuamini. Wengine huvishwa mkanda juu ya mfuko, wenye bomba la kutia maji ili ukaze au ulegee. Mkanda huo ulipendwa sana miaka ya elfu mbili na kitu, lakini wengi waliovishwa baadaye waliutolewa. Shida yao kubwa ni chakula kukwama: ngima, mkate laini na nyama kavu vinasimama pale kwenye mkanda, wanatapika mate na povu. Na mashauri wanayopewa ni haya haya: tonge dogo, tafuna, usinywe ukila, acha mara unapohisi kubanwa. Nilicheka, nikamwambia mke wangu, kumbe tuko na ndugu matajiri.

Kuna jambo moja ambalo halina dalili za haraka, na kwa hivyo watu wanalisahau. Mfuko wa chakula ndio unaosaidia mwili kupata vitamini B12. Ukikatwa wote, utahitaji sindano ya vitamini hiyo maisha yako yote, mara nyingi kila miezi mitatu. Ukikatwa nusu, upimwe damu mara kwa mara. Akiba ya mwili huchukua miaka kuisha, kwa hivyo mtu anaweza kujiona mzima, halafu mwaka wa nne miguu inakufa ganzi, ulimi unauma, nguvu hakuna, na watu wanasema ni uzee. Mimi nilianza kuhisi ganzi mwaka 2020. Sasa ninachomwa, na tarehe ninaandika kwenye daftari la kikundi karibu na michango, ili nisisahau. Damu kupungua na mifupa kudhoofika pia hutokea, basi mwambie daktari akupime.

Nenda hospitali bila kungoja ukiona haya: unatapika siku nzima hata maji hayakai, choo cheusi kama lami, maumivu makali yasiyoisha, homa, au unakonda ilhali unakula. Na hata ambaye hajapasuliwa, akiona chakula kigumu kinakwama kooni, na baada ya wiki kadhaa hata uji unakwama, asikae akinywa mitishamba. Inaweza kuwa saratani ya koo la chakula, ambayo katika Kenya yetu wengi huifikisha hospitali ikiwa imechelewa. Hata hapo kuna msaada. Hospitali ya Tenwek kule Bomet imewawekea wagonjwa wengi sana bomba la waya linalopanuka kooni, wakaweza kumeza tena. Na wenye bomba hilo nao hutafuna na kula wameketi wima.

Kuhusu unga wa uji wa mgonjwa, chagueni mahindi makavu yasiyo na kuvu. Tunakumbuka mwaka 2004, hapa Kitui na Makueni na jirani zetu, sumu ya kuvu iliugusa ulimwengu wa watu 317 na kuua 125. Mgonjwa asipewe yale ya chini ya gunia.

Sasa nije kwenye vikundi, ndiyo sababu ya kuitwa kwangu. Niliporudi kwenye mwethya, tukichimba mitaro, nilisimama saa nne nikale. Wanachama wengine walisema ninakimbia kazi. Mmoja alipendekeza nitozwe faini. Sikumlaumu, kanuni zetu zinasema kupumzika ni saa sita. Mwenyekiti wetu aliniambia nieleze mbele ya wote, nikafunua shati nikaonyesha kovu. Tangu siku ile iliandikwa kwenye kumbukumbu kwamba mgonjwa wa aina hiyo anaruhusiwa kula saa nne na saa tisa, na kwamba jembe la mtaro linaweza kubadilishwa na kazi ya kuandika majina na kupima mitaro. Kama kikundi chenu kina kanuni ya faini, iangalieni tena. Kama mnapika pamoja, mtoleeni mgonjwa chakula chake kabla hamjatia chumvi nyingi na mafuta, na msimwekee sahani kubwa mkitazama ataimaliza. Na mkiwa wageni kwake, msimlazimishe mke wake kueleza kwa nini bwana amekonda.

Pesa nilisaidiwa na harambee ya vikundi viwili na mbuzi wangu wanne. Wakati ule tulikuwa na NHIF. Tangu Oktoba 2024 ni SHA, kwa hivyo kila mwanachama ahakikishe amejiandikisha na analipa kabla hajaugua.

Uzito wangu sasa ni kilo 61. Za zamani hazikurudi zote, na daktari amesema inatosha.

Naona saa nne imefika na mke wangu amenionyesha bakuli. Mtaniwia radhi nikae pale chini ya mti. Mwenye swali aje, lakini anipe dakika ishirini kwanza.