Kwa Nini Tunaomba Matangi, Siyo Dawa

Kamati za sharika zimetuuliza kwa nini safari hii tunaomba matangi ya maji ya wodini badala ya dawa. Dawa zenyewe zinashindwa. Utafiti uliofanyika Muhimbili mwaka 2001 hadi 2002 ulihusu watoto wenye bakteria katika damu, kama Klebsiella. Bakteria walipokuwa na kimeng'enya cha kuvunja antibiotiki, watoto 71 katika 100 walifariki. Wasipokuwa nacho, 39. Bakteria hao husafiri kwa mikono kutoka kitanda hadi kitanda, hata mikono yetu tunaouguza ndugu. Dawa kali zaidi zipo, lakini bei yake! Maji na sabuni tunavimudu. Tangi la wodi ya watoto bado halijalipiwa.