Rabai: Wageni Waliopokea Wageni

(Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wakazi, viongozi wa dini na wazee wa mitaa, Kaunti Ndogo ya Rabai, Kilifi.)



Mwanamke akifika saa moja jioni kwenye ploti ya nyumba za kupanga upande huu wa Mazeras, akiwa na begi moja na mtoto mgongoni, siku hizi maswali humfikia kabla ya salamu. Ametoka wapi? Nani anamjua? Ni wa kanisa gani? Zamani angepewa kwanza kata ya maji, kisha akaulizwa habari za safari.

Maswali hayo yana chanzo chake. Mwezi wa Aprili 2023 makaburi ya msitu wa Shakahola yalianza kufukuliwa, na miili zaidi ya 400 ikatolewa. Wengi wa waliokufa hawakuzaliwa Kilifi. Walikuja kutoka kaunti nyingine wakiitwa kwa jina la dini. Baada ya hapo, mgeni anayeuliza njia ya kuelekea mashambani hutazamwa mara mbili, na anayejiita mhubiri hutazamwa mara tatu. Hofu hiyo si ya kubezwa.

Hata hivyo Mkristo ana deni ambalo hofu haiwezi kumfutia. Imani yake inamwagiza ampokee mgeni, na haikuongeza sharti la kwamba awe anamfahamu. Anafanyaje basi?

Kabla ya jibu, jambo moja liwekwe wazi. Serikali ya kaunti haihubiri. Katiba ya 2010, kifungu cha 8, inasema hakuna dini ya taifa, na wakazi wa Kilifi ni Wakristo, Waislamu na wafuasi wa mila za kaya. Ukarimu wa Kikristo unazungumzwa hapa kwa sababu mahali hapa pana historia yake, nayo ni historia ya kila mkazi, awe anasali wapi.

Watu wengi hudhani historia hiyo inaanza na mzungu kuwafungulia Waafrika mlango. Ilianza kinyume. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huohuo mkewe Rosina na mtoto wao mchanga walifariki. Mwaka 1846 alipata mwenzake, Johannes Rebmann, na wote wawili wakapanda kuja Rabai wakiwa wamedhoofishwa na homa. Hawakuwa na jeshi wala mali ya kutisha mtu. Wazee wa Rabai ndio walioketi, wakashauriana, wakakubali wageni hao wakae katika nchi yao. Wazee hao hawakuwa Wakristo. Ukarimu wa kwanza katika habari hii ulitoka kwao, na misheni iliyokuja kujulikana kote ilikuwa mpangaji juu ya ardhi ya Wamijikenda.

Rebmann alikaa hadi 1875, karibu miaka 29, akaondoka akiwa amepoteza nuru ya macho. Waliobatizwa wakati wake walikuwa wachache sana. Wa kwanza, Mringe, alikuwa mlemavu, na alibatizwa akiwa karibu kukata roho. Anayepima kazi kwa hesabu ya vichwa angesema ni hasara.

Kisha wakaja wageni wa aina nyingine. Walikuwa Waafrika waliokamatwa utotoni wakauzwa utumwani, meli za Kiingereza zikawaokoa baharini, wakapelekwa India na kusomeshwa huko karibu na Nasik. Waliporudi pwani ya Afrika Mashariki waliitwa Waafrika wa Bombay. Miongoni mwa waliofanya kazi Rabai walikuwamo George David, William Jones na Ishmael Semler. Jones alikuwa Myao kwa asili, yaani kwao ni mbali sana kusini. Hakuwa na ukoo Rabai, hakuwa na kaya, hakuwa na shamba la babu. Jones na Semler walipewa ushemasi mwaka 1885 na Askofu James Hannington. Mwaka huohuo Jones alifuatana na askofu huyo katika safari ya Uganda ambayo askofu hakurudi; ni Jones aliyewarudisha Rabai wapagazi waliosalia, mapema mwaka 1886.

Mtu wa namna hiyo, mtoro anapobisha usiku, hahitaji kuelezwa mtoro ni nani.

Na watoro walibisha. Mkataba wa 1873 kati ya Uingereza na Sultani Barghash wa Zanzibar ulifunga soko na kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, lakini haukumwachilia aliyekuwa tayari mtumwa. Kwa sheria ya pwani wakati huo, aliyekimbia shamba la bwana wake alikuwa mali iliyopotea, na aliyemficha alikuwa amechukua mali ya mtu. (Utumwa wenyewe ulikuja kufutwa kisheria pwani hii mwaka 1907.) Na mabwana hao hawakuwa wa kabila moja wala dini moja, asitokee mtu leo akaligeuza jambo hili kuwa fimbo ya kumchapia jirani.

Wakubwa wa misheni waliogopa. Walikwisha kufungua makao ya watumwa walioachiliwa huru huko Freretown, Kisauni, na kengele iliyotundikwa kuonya watu wakati wa hatari ndiyo iliyowaachia makanga wa matatu jina la Kengeleni. Lakini walioachiliwa kihalali walikuwa tofauti na watoro, na agizo rasmi lilikuwa kwamba watoro wasipokewe. Hapa ndipo habari inapokuwa nzito, kwa sababu agizo lilikuwa na hoja. Kuwapokea kulihatarisha watu wote wa misheni: mwaka 1880 hasira ya mabwana wa watumwa ilifika mahali pa kutishia kushambulia vituo hivyo. Mkarimu mmoja angeweza kuwauza kwa hatari majirani mia ambao hakuwauliza.

Hata hivyo watoro waliingia, na mara nyingi walioingiza hawakuwa wakubwa. Walikuwa waumini wa kawaida, wengi wao wakiwa watumwa wa zamani, waliosogeza mkeka pembeni. Mtoro alipewa mahali pa kulala, kisha sehemu ya kulima. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na wengi huitumia methali hiyo kumfukuza mtu kwa adabu. Kwa mtoro wa Rabai, jembe lilikuwa ndilo kukaribishwa kwenyewe. Aliyepanda muhogo hapa alikuwa ametangaza kwamba atakuwapo wakati wa kuvuna.

Wengine walilipa zaidi ya sehemu ya mkeka. Kule Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, Wakristo wachache walianzisha kijiji chao wenyewe na kuwapokea watoro bila ulinzi wowote wa wazungu. Mwaka 1883 watu waliokuja kuwarudisha watoro walimkamata kiongozi wa kijiji hicho, David Koi, wakamuua. Kanisa linamhesabu kuwa mfiadini wa kwanza wa Kenya. Ni ajabu kwamba watoto wengi wa Kilifi humaliza shule wakijua jina la Krapf na wasilisikie la Koi.

Mwaka 1888 hesabu ilifika mezani. Kampuni ya Imperial British East Africa ilitaka kufanya biashara pwani kwa amani, na malalamiko ya mabwana yalikuwa kikwazo. Wakala wake, George Mackenzie, alipatana na mabwana walipwe fidia, na watoro waliokuwa katika vituo vya misheni wapewe vyeti vya uhuru. Majina yaliandikwa, ya mtoro na ya bwana wake. Walipatikana watu zaidi ya 1,400, na sehemu kubwa yao walikuwa hapa Rabai. Vyeti vilitolewa mwanzoni mwa 1889.

Lile daftari la majina linastahili kuangaliwa kwa makini na mtu yeyote anayesimamia mlango leo. Jina la mtoro lilikuwa limeulizwa mara mbili katika maisha yake. Bwana wake aliliuliza ili ajue ni nani wa kurudishwa. Rabai iliuliza ili ajulikane ni nani wa kukaa. Swali ni lilelile.

Kwa hiyo Mkristo wa leo anayemwuliza mgeni jina lake na kitambulisho chake hajaivunja imani yake. Shakahola inafundisha kwamba kutomwuliza mtu chochote si ukarimu. Kunaweza kuwa njia ya kumwacha apotee bila shahidi. Kinachotofautisha ni kile kinachofanywa baada ya jibu, na kama maji na chakula vimetangulia swali.

Jambo la pili ni gharama. Katika mfano wa Msamaria mwema wahubiri hukaa sana kwenye jeraha na mafuta, na hupita haraka kwenye fedha. Lakini Msamaria alimlipa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, na akaahidi kumaliza deni atakaporudi. Alijua hawezi kumhudumia mtu yule peke yake, na hakumwachia mwenye nyumba mzigo bure. Familia zilizopokea jamaa na majirani waliohamishwa na mafuriko ya mwisho wa 2023 kule Magarini zinajua maana ya unga kuisha kabla ya mgeni kuondoka. Jumuiya ya kanisa inayomsifu mama mmoja kwa moyo wake mwema, ikamwacha anunue gunia peke yake, imeokoa sadaka yake kwa mgongo wa mtu mwingine. Kikundi cha akina mama, jumuiya ndogondogo, hata ploti yenye wapangaji kumi, wanaweza kugawana: huyu unga, yule mafuta ya taa, mwingine nauli.

Na yapo yasiyoweza kubebwa na jirani. Mtoto aliyepatikana peke yake, au anayeonekana kuteswa, habari zake zipigwe simu namba 116, bila malipo. Mwanamke au mwanamume anayekimbia kipigo nyumbani, namba ni 1195. Mkimbizi kutoka nchi nyingine analindwa na Sheria ya Wakimbizi ya 2021. Apelekwe kwa chifu ili aelekezwe mahali pa kusajiliwa, na asitozwe chochote na mtu anayejidai kumsaidia. Mhubiri anayewaambia watu waache chakula, matibabu au shule, habari zake zifike kwa chifu au polisi siku hiyohiyo, hata kama anahubiri vizuri.

Turudi kwa yule mwanamke wa Mazeras aliyesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Ni saa moja jioni, na afisi zimefungwa. Mwenye ploti anamwuliza jina, anaandika namba ya kitambulisho kama anacho, anampigia simu mzee wa nyumba kumi kumjulisha. Kama kuna mama anayekaa peke yake, mgeni alale kwake, na jirani wa pili ajue yuko hapo. Asubuhi wasimtume peke yake kwa mzee wa mtaa. Mwenye ploti afuatane naye.