Kujaribu Programu za Kompyuta Mpakani: Tatizo la Saa kati ya Arua na Koboko



Nimeombwa nizungumzie mbinu za kujaribu programu za kompyuta kabla hazijafika mikononi mwa watumiaji. Ya msingi mnayafahamu, kwa hiyo nitayapitia haraka. Kuna kujaribu kipande kimoja peke yake, kuna kujaribu vipande vikishaunganishwa, kuna kujaribu mfumo mzima, na kuna majaribio ya ukubalifu, ambapo mtumiaji mwenyewe anautumia mfumo na kusema unamfaa au haumfai. Kuna pia majaribio ya marudio: kupima upya yaliyokwisha kufaulu, kila programu inapoguswa. Haya yameandikwa sana tangu Glenford Myers achapishe kitabu chake mwaka 1979.

Muda uliobaki naomba tuutumie kwa jambo moja ambalo nimelipigia kelele kwa miaka: saa.

Uganda iko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa. Mashariki ya Kongo iko saa mbili mbele. Sudan Kusini ilikuwa pamoja nasi hadi tarehe 1 Februari 2021, iliporudisha saa zake nyuma kwa saa moja. Tangu siku hiyo wilaya ya Koboko, ambako nchi tatu zinakutana pale Salia Musala, imezungukwa na majirani wawili ambao saa zao si zetu. Na simu haijui mpaka. Inashika mnara wowote wenye nguvu, na kama imewekwa ijirekebishe saa yenyewe, inapokea saa ya mwenye mnara.

Niwaeleze linavyotokea katika kituo cha afya kilicho karibu na Oraba, mpakani na Sudan Kusini. Saa sita kasoro dakika kumi mchana mhudumu anaingiza kwenye simu kwamba amepokea maboksi 12 ya dawa ya malaria. Anahesabu tena, anakuta 10. Saa sita na dakika kumi anasahihisha. Lakini hapo katikati simu imehamia mnara wa ng'ambo, na sahihisho linaandikwa saa tano na dakika kumi. Jioni mtandao unaporudi, seva inapokea maingizo yote mawili, inalinganisha saa, inaona sahihisho limetangulia kosa, inalitupa. Hakuna onyo lolote kwenye skrini. Stoo ina maboksi 10, ripoti ya wilaya inasema 12. Vivyo hivyo mtoto aliyezaliwa saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe mosi anahesabiwa katika mwezi uliopita.

Kiini cha kosa ni programu kuhifadhi saa inayoonekana kwenye skrini bila kusema ni saa ya wapi. Ndani ya simu saa ya kimataifa bado ni sahihi. Tena anayeumia zaidi ni mhudumu makini: anaona saa imerudi nyuma, anaisogeza mbele kwa mkono, na kuanzia hapo hata ile saa ya ndani imepotoka.

Tukipeleka malalamiko, jibu huwa kwamba watumiaji wafunzwe zaidi. Sina nia ya kulaumu ofisi yoyote, na najua bajeti zina mipaka yake. Lakini lazima niseme wazi: mafunzo ya wahudumu hayarekebishi msimbo.

Angalieni pia kwamba programu iliyofaulu mwaka 2020 ilianza kukosea Februari 2021 bila kubadilishwa hata herufi moja. Iliyobadilisha saa ni serikali ya jirani. Na simu za zamani zisizopokea masasisho bado zinaamini Juba na Kampala zinatumia saa ileile.

Hatari ya saa si ngeni duniani. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Patriot wa kuzuia makombora ulikuwa umewaka takriban saa 100 mfululizo, ingawa ulibuniwa kuwashwa kwa saa chache kila unapohamishwa. Hesabu yake ya muda ikapotoka kwa theluthi moja ya sekunde, kombora la Iraq likapita, askari 28 wa Marekani wakafa.

Mapendekezo yangu ni haya. Kwanza, programu itakayotumika katika eneo letu la West Nile ijaribiwe Koboko kabla ya kupokelewa, mjaribu akiwa na simu ya kawaida, ya bei nafuu, iliyowekwa ijirekebishe saa, akitoka Oraba hadi Arua huku akiingiza taarifa. Pili, kila ingizo lihifadhiwe kwa saa ya kimataifa, na mtumiaji aonyeshwe saa ya Uganda. Tatu, mpangilio wa masahihisho usitegemee saa kabisa, bali kila toleo la taarifa lipewe namba yake; Leslie Lamport alionyesha njia hiyo mwaka 1978. Maingizo mawili yakigongana, aamue mtu. Nne, simu ikipata mtandao ilinganishe saa yake na ya seva, na tofauti iandikwe. Tano, awepo mtu mwenye jukumu la kuamuru majaribio ya marudio nchi jirani inapobadilisha saa, hata kama programu haijaguswa.

Siwezi kuketi bila kugusa mengine mawili. Tahajia ya Kikakwa na ya Kilugbara ina alama ya ritifaa kabla ya b na d, na programu isiyojaribiwa kwa majina ya hapa hukwama papo hapo. Pia fomu inayolazimisha namba ya kitambulisho cha taifa, yenye herufi na tarakimu 14, inamfungia nje mkimbizi wa Rhino Camp, Imvepi au Lobule. Data ya majaribio iwe na watu wa namna hii, lakini ya kutungwa. Kuchukua rekodi halisi za wagonjwa bila idhini yao kunapingana na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019.

Narudia pendekezo la kwanza, kwa sababu ndilo linaloachwa kila mara: majaribio yafanyike mpakani. Mkataba wa kuunda programu useme kwamba malipo ya mwisho hayatolewi hadi programu ifaulu Oraba, na nauli ya mjaribu kutoka Kampala iandikwe humo humo, ili mwisho wa mwaka wa fedha tusiambiwe hakuna fungu.